Mtamba wa Baba Katika Daftari la Lesikar

ILBORU, ARUSHA – Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka kwenye migomba, na Lesikar Loserian amesimama kando ya mlango wa zizi, daftari kifuani, kalamu ya risasi mkononi. Hanyoshi kidole. Hasemi moja, wala mbili, wala tatu. Anatazama tu.

Miti miwili ya mlango inaondolewa, ng'ombe wanaanza kutoka mmoja mmoja. Mama mwenye mji, yaani kaya hiyo na zizi lake, kibuyu cha maziwa kwapani, anawataja kadiri wanavyopita. Mwekundu mwenye baka shingoni, binti wa yule aliyekufa kiangazi kile kibaya. Mweusi mwenye mkia mweupe. Yule wanayemwita arus, wa mabaka meusi na meupe, aliyetoka kwa mjomba. Lesikar anaandika. Mkono unakwenda mbio, midomo imefungwa.

Ng'ombe wa mwisho akishapita, kijana anafungua ukurasa na kusoma kwa sauti yote aliyoandika, kutoka juu hadi chini, watoto na majirani wakisikiliza. Akifika kwenye ndama mmoja, mama anamkatiza.

"Huyo si mweupe. Mweupe gani huyo? Ni wa rangi ya majivu."

Lesikar anafuta, anaandika upya, anasoma tena. Mama anaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo kazi inahesabika imekwisha na mwandishi anaweza kupewa maziwa.

Ana miaka kumi na sita. Ni mwandishi wa ng'ombe wa serikali kwa upande wa magharibi wa Mlima Meru, kazi aliyoianza mwezi wa pili mwaka huu wa 1912. Mshahara wake ni rupia nne kwa mwezi, na mtu yeyote aliyewahi kupanda na kushuka makorongo ya huku atakwambia kwamba ni malipo ya mzaha. Mwenyewe halalamiki.

"Watu wananiambia rupia nne zitakwisha kwenye viatu," anasema na kucheka. "Viatu sina, kwa hiyo haviishi."

Kazi yenyewe imeletwa na sotoka. Neno hilo halitajwi ovyo mlimani. Miaka ishirini na moja iliyopita ugonjwa huo ulipita hapa ukaacha mazizi matupu, na baada ya ng'ombe wakafuata watu kwa njaa. Mwaka huu umeonekana tena mashariki, ng'ambo ya Kikatiti. Serikali imefunga njia: hakuna ng'ombe kuvuka Mto Usa kuja upande wa Arusha.

Daktari wa mifugo wa Kijerumani anayekaa Boma, makao ya serikali, alitaka kila ng'ombe wa mlimani ajulikane, ili mgeni akiingia aonekane mara moja. Ng'ombe aliyevuka baada ya njia kufungwa anapelekwa kwenye zizi la kutengea, kule nyanda za Levolosi, akaangaliwe kwa siku ishirini na moja. Akiwa mzima anarudishwa. Akiugua anapigwa risasi na kuchomwa. Mwenye ng'ombe akimtaja mwenyewe hana kesi, lakini akikutwa amemficha anafungwa.

Kwa kazi hiyo alitafutwa kijana anayejua kuandika, kuhesabu na Kimaasai cha wenyeji. Mwalimu Aminieli wa shule ya misheni hakufikiri mara mbili.

"Kusoma alijifunza kwa msimu mmoja wa mvua," anasema mwalimu huyo, Mmachame mpole anayepima maneno yake. "Lakini si hilo. Siku moja niliandika hesabu ubaoni nikakosea. Wenzake wote wakanakili kosa langu. Yeye alingoja mpaka watoto wameondoka, akanijia akaniambia polepole, 'Mwalimu, nadhani chaki imeteleza.'"

Anacheka peke yake kwa kumbukumbu hiyo, kisha anakaza uso.

"Wenye akili nimewafundisha wengi. Wengine akili huwapanda kichwani, kesho yake wanawacheka waliowazaa. Kwa hiyo mimi siulizi huyu kijana ana akili kiasi gani. Nauliza anaitumia kwa ajili ya nani."

Na ukweli usemwe, hata huyu Lesikar ilimpanda. Wiki ya kwanza tu ya kazi.

Alikwenda kwa Nkasiogi, bibi mjane anayekaa juu kidogo ya kanisa, mwenye ng'ombe ambao idadi yao hatutaiandika hapa, na sababu utaiona sasa hivi. Lesikar alisimama mlangoni mwa zizi lake, akanyosha ile kalamu, akaanza kwa Kiswahili, tena kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne.

Lo! Waarusha hawahesabu ng'ombe, kama wasivyohesabu watoto. Kumnyoshea mnyama kidole na kumpa namba ni kuita hasara. Mwenye zizi kubwa huwatazama ng'ombe wake wakirudi jioni, na asiyekuwepo anamjua kwa kukosa kuuona uso wake. Hilo hata mtoto wa miaka minne analijua.

Nkasiogi alimtoka kijana na fimbo ya kufukuzia ndama. "Unanizikia wangu wakiwa hai? Toka! Toka na hilo jani lako!"

Habari zikamtangulia. Kwa siku tatu kila mlango aliokwenda aliukuta umefungwa. Akina mama waliokuwa wakimwita mwanangu wakawa wanampa kisogo.

"Mila nilikuwa naijua. Nimezaliwa nayo," anasema Lesikar, macho chini. "Ila nilikuwa nimeshika daftari la Boma, nikajiona mimi si mtoto wa hapa tena. Niliona haya."

Siku ya nne alirudi kwa Nkasiogi. Alishika fungu la majani mabichi mkononi, kama afanyavyo mtu wa huku anapoomba radhi, akasimama mbali na mlango mpaka alipoitwa. Bibi alimwacha asimame kitambo kizuri. Kisha akamuuliza swali ambalo Lesikar anasema shule nzima haikuwahi kumuuliza.

"Kwa nini hukuniuliza mimi? Mimi ninawajua wote."

Ndivyo ilivyoanza namna hii ya kuandika. Mwenyeji anataja, kijana anaandika: rangi, baka, pembe, mama yake ni nani, ametoka wapi. Hesabu anaifanya baadaye, peke yake, kwenye karatasi, bila kufungua mdomo. Namba inapatikana na hakuna aliyehesabiwa.

Mikidadi, karani wa Boma anayemsimamia, mtu wa Pangani mwenye tumbo la kutosha na maneno ya kuzidi, alidhani kijana amepagawa.

"Wallahi, namwomba idadi, ananiletea utenzi wa ng'ombe!" anasema akipiga paja. "Nikampelekea daktari nikijua leo kijana anafukuzwa. Daktari akanitaka nimfasirie. Mwekundu huyu, mwenye pembe iliyovunjika huyu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akitaka, maana ng'ombe wa kumi hana sura, lakini mwenye pembe iliyovunjika hata askari mlevi atamtambua."

Daktari alisema na jambo jingine. Lesikar akimaliza upande wake wote bila dosari, ataandikiwa barua ya kwenda shule ya serikali Tanga, kwa garimoshi kutoka Moshi. Kwa kijana aliyekwisha maliza vitabu vyote vya misheni, vingine mara tatu, hilo halikuwa jambo dogo. Aminieli anasema kwa wiki nzima mwanafunzi wake alikuwa anatembea hakanyagi chini.

Ila ile desturi ya kusoma kwa sauti mbele ya watu, hiyo hakuagizwa na daktari wala karani. Ni yake mwenyewe. Alipoulizwa sababu alijikuna kiganja kwa kalamu.

"Kwa sababu hakuna wa kunikagua," alisema. "Nikiandika uongo, nani atajua? Mtu anayesoma peke yake kati ya wasiosoma anaweza kusema lolote. Mimi naogopa hilo kuliko sotoka."

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, Nkasiogi huyo huyo alimtaja ng'ombe mmoja mweupe mwenye masikio meusi. Alikuwa zawadi ya binti yake aliyeolewa ng'ambo ya Mto Usa. Amevuka lini? Bibi akasema wiki iliyopita, kwa moyo mweupe kabisa, kisha akaona kalamu imesimama.

"Umeniandika, mwanangu?"

"Nimekuandika, Koko."

Koko ni bibi kwa lugha ya nyumbani. Koko alilia mbele ya watu, na ng'ombe akapelekwa Levolosi. Lesikar alijua sheria ni ile ile, lakini jioni ile hakwenda kwao. Alishuka Levolosi, akamtazama ng'ombe mweupe, akapanda tena mpaka kwa bibi kumwambia: amekula, amekunywa maji, macho yake makavu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ishirini na moja, matope mpaka magotini. Ng'ombe alirudi mzima.

"Alinitoa machozi," anasema Nkasiogi, ambaye sasa ndiye anayemtetea Lesikar kuliko mama yake mzazi. "Lakini hakunidanganya hata siku moja. Nimezeeka, waliosema nami hivyo ni wachache."

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wa Ilboru wanalisema mpaka leo.

Lesikar ana dada, Nashipae, miaka kumi na minane, msichana mwenye ulimi mwepesi na kicheko kinachosikika mpaka ng'ambo ya korongo. Alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa Kikatiti, na kwa maneno yake mwenyewe, alimtaka. Mahari ilikuwa karibu kutimia. Kulibaki mtamba mmoja tu.

Mtamba huyo alifika mwezi wa sita. Ndugu za bwana harusi walimvusha Mto Usa kwa juu, msituni, mahali pasipo na askari, wakamfikisha kwa Loserian mapema asubuhi. Harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na tano.

Lesikar alirudi mchana kutoka kwenye mizunguko yake, akapita nyuma ya nyumba, akamkuta anakula majani pamoja na ndama. Mwekundu, paji jeupe, mzuri wa kutazama. Ng'ombe wa baba yake wote anawajua kwa sura. Huyu hakuwa wa kwao.

Mazungumzo yaliyofuata yamesimuliwa na wote wawili, baba na mwana, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakupishana.

"Baba, huyu ni nani?"

"Ni wa dada yako."

"Amepita wapi?"

"Amepita alikopita." Loserian alikuwa anachonga mpini wa jembe na hakuinua macho. "Keshokutwa unaandika hapa kwetu. Utaandika tuliokuwa nao."

"Na huyu?"

"Huyu hujamwona. Kalamu si unayo wewe? Nani atajua?"

"Koko Nkasiogi atajua. Wake nilimwandika."

"Nkasiogi si baba yako," alisema Loserian. "Na Nashipae ni dada yako. Akipelekwa huko Levolosi, siku ya harusi zizi langu litakuwa na pengo, na wakwe watasema nini? Akipigwa risasi je? Utawalipa wewe kwa penseli?"

Kijana akasema yale aliyokuwa ameamua kuyasema.

"Baba, nikija na daftari nitaandika wanaopita mlangoni na aliye nyuma ya nyumba. Nimekuja kukuambia kabla, usije ukasikia kwanza mbele za watu."

"Basi umeshaniambia."

Baba akarudi kwenye mpini wake. Siku hiyo hawakusema tena.

Kesho yake Lesikar alikwenda Boma, na uso wake ulikuwa barua iliyofunguliwa. Mikidadi hakuhitaji kuuliza sana. Yeye ni baba wa watoto sita, na roho yake ni laini kuliko anavyopenda ijulikane.

"Nilimwambia, mwanangu, wewe kesho nenda zako Burka ukaandike huko," anakiri karani. "Kwa mzee wako nitakwenda mimi. Macho yangu haya mabovu, nyuma ya nyumba sioni kitu. Tanga yako iko pale pale, harusi iko pale pale, na wewe hujasema uongo. Nilidhani nimemkata kiu, bwana!"

Lesikar alimshukuru. Kisha akamwambia, "Ukimwacha wewe, nimemwacha mimi. Nimekwisha kumwona."

Asubuhi ya kuandikwa kwa Loserian walikuja watu ambao huwa hawaji. Siku zote majirani hupita wawili watatu. Siku hiyo walifika hata wenye mashamba ya mbali, kila mmoja akijidai anapita tu. Habari za mtamba zilikuwa zimezagaa, maana watu wanaojua ng'ombe kwa sura hawafichwi ng'ombe. Nkasiogi alikuja na kigoda chake akakaa mbele kabisa.

Mama mtu aliwataja ng'ombe mmoja mmoja mpaka zizi likawa tupu. Lesikar akaandika. Halafu, badala ya kufungua ukurasa na kusoma, akazunguka nyuma ya nyumba peke yake.

Mstari alioandika huko upo kwenye daftari na ameuonyesha kwa mgeni wa gazeti hili. Herufi zake zote ni nzuri, za kupendeza, isipokuwa za mstari huo. Huo umepinda.

Alirudi mbele ya watu akasoma wote. Akaendelea mpaka mstari wa mwisho: "Mtamba mwekundu, paji jeupe. Ametoka upande wa Kikatiti baada ya njia kufungwa. Mahari ya Nashipae."

Loserian alichukua fimbo yake akashuka shambani. Nashipae aliingia ndani akarudisha mlango.

"Niliumia," anasema Lesikar, na bado anaumia, unamwona. "Watu wanadhani mtu akifanya jambo la haki anajisikia vizuri. Mimi nilijisikia vibaya sana. Nilitamani mtu mwingine ndiye angekuwa anajua kusoma."

Askari walimchukua mtamba siku hiyo hiyo; Loserian hawakumfunga, maana ng'ombe alitajwa na mtu wa mji wake mwenyewe. Ng'ambo ya pili wakwe walikasirika. Baba wa bwana harusi alituma ujumbe kuuliza ni mtoto wa namna gani huyu anayemwandika baba yake. Harusi ikasogezwa, hakuna aliyesema mpaka lini. Nyumbani, Loserian alikuwa anampita mwanawe kana kwamba anapita nguzo. Nashipae alimwekea chakula chini bila kumwangalia.

Siku ya nne jambo likatokea ambalo hakuna aliyelipanga. Mzee mmoja wa bondeni alifika kwa Lesikar akiwa na ng'ombe wawili, anawaswaga mwenyewe mbele ya watu.

"Niliwaficha hawa kwenye migomba," alisema. "Sasa kama mtamba wa baba yako umemwandika, mimi ni nani? Niandike."

Kesho yake wakaja wengine. Miji tisa kwa jumla, kwa hesabu ya Mikidadi, ambaye miji haogopi kuihesabu. Watu waliokuwa wamesema hawana mgeni yeyote walitoa ng'ombe kutoka vichakani na nyuma ya ghala. Wote wakapelekwa Levolosi.

Na mmoja wao alikuwa anatokwa machozi, na mdomoni ana vidonda. Daktari alimtazama mara moja tu. Alipigwa risasi mchana ule, na moshi wa kumchoma ulionekana mlima mzima. Alikuwa amefichwa mahali ambapo mazizi matatu hunywesha maji pamoja. Mazizi hayo yamelindwa tangu siku hiyo, na mpaka makala haya yanaandikwa hakuna ng'ombe mwingine aliyeugua upande huu.

Loserian aliuona moshi ule akiwa shambani. Ni mtu mrefu, mkavu, asiyependa kuhojiwa, na ilichukua siku mbili na vibuyu kadhaa vya maziwa kabla hajafungua moyo. Aminieli alikuwa akifasiri.

"Mwaka ule wa sotoka nilikuwa na umri wake huyu," alisema. "Nilichemsha ngozi ya ngao ya baba yangu nikaila. Niliuona mlima huu hauna ng'ombe hata mmoja, hata sauti yake. Nilijua. Na bado nilimficha mtamba. Sijui nikuambie nini."

Yule mtamba mwenyewe? Alirudi baada ya siku ishirini na moja, amenenepa, mzima kabisa. Loserian alimtazama, akamtazama mwanawe, na haya yakawa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile ya kuandika.

"Kwa hiyo ulinitia aibu kwa mnyama mzima."

"Ndiyo, Baba. Sikujua kama ni mzima."

"Wala mimi," alisema Loserian.

Nashipae yeye hakungoja mtamba arudi. Alikuwa na hasira yake, na haki yake anayo. Siku ya nane baada ya mtamba kuchukuliwa alimfuata kaka yake mahali anapokaa kunakili, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Nionyeshe alipo."

Lesikar akamwonyesha ule mstari uliopinda. Nashipae akauinamia, akaupapasa kwa kidole.

"Huu mmoja tu ndio umeisogeza harusi yangu?"

"Huo."

"Na kama ungekuwa umeandika jambo jingine kabisa, ukatusomea hili, mimi ningejuaje?"

Kwa kijana huyu hilo ndilo jambo lile lile alilokuwa akiliogopa, sasa linasemwa na dada yake mwenyewe.

"Usingejua," alisema.

"Basi nifundishe. Sitaki kusomewa tena maisha yangu."

Walianza jioni ile. Ubao hawana, wanatumia majani ya mgomba na mwiba. Ukikwaruza jani, herufi inatoka vizuri, na likikauka mbuzi analila. Nashipae alikuwa mwanafunzi mkali. Alimtukana mwalimu wake kila herufi ilipokataa. Wiki ya tatu alikuwa anasoma jina lake, wiki ya tano majina ya rangi zote za ng'ombe, na hapo kicheko kikarudi nyumbani. Wakwe nao walipoa, hasa baada ya kusikia habari za yule ng'ombe mgonjwa aliyechomwa. Harusi imepangwa mwezi wa tisa.

"Huko ninakokwenda hawana mwandishi," anasema Nashipae. "Watakuwa naye."

Barua ya Tanga imefika. Nafasi ipo, na Lesikar anatakiwa awe amefika kabla ya mwezi wa kumi. Anataka kusoma miaka mitatu, arudi, na hana ndoto ya kukaa Boma kwenye kiti. Anataka kila mji wa Ilboru uwe na mtu mmoja anayeweza kusoma kilichoandikwa juu yake, na anasema ataanza na wasichana kwa sababu, kama alivyojifunza kwa maumivu, wao wanauliza maswali magumu.

Kilichokuwa kimebaki ni ruhusa ya baba. Loserian alikuwa hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kila Tanga ilipotajwa aligundua kwamba kuna mti wa ua unahitaji kukazwa.

Juzi asubuhi Lesikar alirudia kuandika ng'ombe wa nyumbani, kwa kuwa daktari ameagiza madaftari yote yapitiwe upya. Majirani walikuwepo. Alipomaliza, Nashipae alinyosha mkono.

"Leo nasoma mimi."

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, paji la uso limekunjamana. Alifika katikati ya ukurasa akasimama, akarudi nyuma mistari mitatu, akasonga mbele tena.

"Wewe," alimwambia kaka yake. "Huyu wa majivu mwenye pembe za kulala umemwandika hapa. Na hapa tena umemwandika. Wamekuwa mapacha lini?"

Lesikar alichukua daftari akatazama. Ni kweli. Kosa la wazi, mchana kweupe, la mwandishi wa serikali mwenyewe. Majirani waliangua kicheko, Nkasiogi akashika mbavu, na Lesikar akafuta ule mstari huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. Mgeni wa gazeti hili hajamwona na furaha kama ile siku zote alizokaa naye.

Loserian alikuwa ameegemea mlango wa zizi. Alingoja kicheko kiishe.

"Aende huko Tanga," alisema. "Akirudi na makaratasi yake, tunaye wa kuyasoma."